Pikipiki Inapolia Mlio Mgeni

Lugha yetu imeipa mashine hii jina kutokana na sauti yake. Wako waliosema tukutuku, na wengi sasa husema pikipiki, na majina yote mawili mtu akiyatamka upesi upesi ni kama asikiaye chombo kikipita. Wala si ajabu, kwa kuwa sauti ndiyo jambo la kwanza ambalo mwenye pikipiki hulizoea. Mtu akaaye Chake Chake, akiwa ndani ya nyumba yake, aweza kumjua jirani arudiye kutoka Wesha au Vitongoji kwa ngurumo ya chombo chake tu, kabla hajamwona. Basi siku moja katika ngurumo ile iliyozoewa huingia sauti nyingine: hugonga, au hukwaruza, au hulia kama kinda la ndege. Hiyo ndiyo sauti tupendayo kuizungumza leo.

Tumeona ya kuwa mtu apatwaye na jambo hili aghalabu hufanya moja katika mawili. Mmoja husema, "Itanyamaza yenyewe," akaendelea na safari zake, akachukua abiria na magunia, mpaka siku cheni ikakatika mlimani au injini ikakwama njiani. Mwingine hutishika mara moja, akakimbilia kwa fundi akamwambia, "Injini imekufa." Fundi asiye mwangalifu huifungua injini iliyo nzima, akatoa pistoni, akabadilisha ringi zake, akafunga, na mwenye chombo akitoka pale, sauti ile ingali ipo, maana ilikuwa ya cheni. Kisiwani Pemba hasara hizi zote mbili zina uzito wa pekee. Kipuri kisichopatikana madukani Chake Chake hakina budi kungojewa chombo cha bahari kutoka Unguja au Dar es Salaam, na siku zote hizo bodaboda iliyosimama uani haileti chakula nyumbani.

Swali ambalo watu huliuliza kwanza ni hili, "Ni mlio gani huu?" Nalo ni swali gumu, kwa maana masikio ya watu wawili hayasikii sawasawa: mmoja atasema yagonga tak-tak, na mwenziwe atasema yalia chwi-chwi, nao wanazungumza juu ya kitu kimoja. Swali lililo jepesi, tena lenye faida zaidi, ni jingine: mlio huu wamfuata nani? Katika pikipiki mna mabwana watatu ambao milio huwatii. Bwana wa kwanza ni injini, wa pili ni gurudumu, wa tatu ni barabara. Mlio wa injini hwenda upesi injini inapokwenda upesi, hata kama chombo kimesimama. Mlio wa gurudumu hwenda upesi chombo kinapokwenda upesi, hata kama injini imezimwa. Na mlio wa barabara hauna hesabu, bali huja penye shimo au tuta, kisha ukatulia. Mtu akiisha kumjua bwana, amekwisha kuondoa theluthi mbili za mashaka yake, naye hajagusa spana.

Namna ya kumjua ni hii. Tafuta mahali pa barabara palipo sawa, peupe, pasipo watu wala gari nyuma yako. Kata upande wako wa kushoto, kwa mwendo wa kadiri, tuseme kilomita 30 kwa saa. Mlio unapokuwa waziri masikioni, achia mafuta na uvute klachi, ili chombo kiteleze kwa nguvu zake chenyewe na injini ingurume taratibu peke yake. Hapo injini na gurudumu wameachana, kila mmoja ashika njia yake. Ikiwa mlio waendelea vile vile, ukapungua pole pole kwa kadiri chombo kinavyopunguza mwendo, basi ni wa gurudumu au cheni. Ikiwa umekatika pale pale, shaka yaelekea kwenye injini. Kisha simama kando, weka gia huru, na uipe injini mafuta kidogo kidogo. Mlio ukirudi na kupanda pamoja na injini, jambo limekwisha kuthibitika.

Lakini iko milio yenye hila, isiyosikika chombo kikisimama wala kikiteleza, ila injini inapovuta mzigo tu. Hapa milima ya Pemba yatufaa sana. Nchi yetu si tambarare. Mtu atokaye Chake Chake kwenda Mkoani, mwendo wa yapata kilomita 30, hupanda na kushuka mara nyingi. Apandapo, cheni imekazwa upande wa juu, na pistoni yasukumwa kwa nguvu zote. Ashukapo na mafuta yamefungwa, mambo hugeuka: gurudumu ndilo livutalo injini, na cheni hulegea upande wa juu ikakazwa upande wa chini. Mlio unaosikika katika kupanda tu, na mlio unaosikika katika kushuka tu, ni milio miwili mbali mbali, nayo yapasa kukumbukwa hivyo.

Hapo tena twapenda kueleza jambo dogo la masikio. Mwenye kofia ngumu kichwani, na upepo ukivuma, hasikii vema. Wala hatumshauri mtu aivue kofia ili asikie. Dawa ni kutafuta ukuta. Katika njia kuu ya mjini Chake Chake, ambayo ni nyembamba na ina maduka huku na huku, kuta huurudisha mlio kwa mpandaji, naye akausikia kuliko anavyousikia uwanjani. Mtu apitaye pale taratibu asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa, atajua mengi juu ya chombo chake. Na kabla ya yote achunguze ufunguo wake. Wako watu waufungao ufunguo wa pikipiki pamoja na funguo za nyumba, duka na kabati, na mkungu ule hugonga bati mbele yao toka asubuhi hata jioni. Ugonjwa wa namna hiyo hupona ukitiwa mfukoni.

Sasa tuseme mlio umeonekana ni wa gurudumu. Zima injini, weka gia huru, ukisukume chombo kwa mkono mahali pa kimya. Gurudumu la pikipiki nyingi zinazotumika kwetu, lenye rimu ya inchi 17, huzunguka mara moja kwa kila meta 1.8 hivi, nayo ni kama hatua mbili na nusu za mtu mzima. Weka alama ya chokaa ubavuni mwa tairi, kisha hesabu. Mlio ukija mara moja kwa kila mzunguko, uko katika gurudumu lenyewe: huenda ni jiwe lililonasa katika tairi, au msumari, au breki inayogusa upande mmoja. Msumari ukionekana usiung'oe hapo hapo ikiwa uko mbali na mtu wa kuziba pancha.

Ukija mara nyingi zaidi, twende kwenye magurudumu ya meno yachukuayo cheni, ambayo mafundi huyaita sproketi. Tuchukue mfano wa chombo ambacho sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma ina meno 42. Hiyo ya mbele huzunguka mara 3 wakati gurudumu la nyuma limezunguka mara 1. Basi mlio usikikao mara 3 kwa kila mzunguko wa gurudumu hauna budi kutoka mbele, chini ya kile kifuniko kilicho karibu na mguu wa kushoto, mahali ambapo udongo na mafuta hukusanyika na kuganda. Na ikiwa cheni ina pingili 104, yenyewe huzunguka mara 1 kwa kila mizunguko 2 na nusu ya gurudumu. Kwa hiyo mlio ujao kila baada ya meta 4 na nusu hivi, kana kwamba umesahau kisha ukakumbuka, ni wa pingili moja iliyokauka na kukakamaa katika cheni. Mwanafunzi ajuaye kugawanya aweza kuugundua ugonjwa huu kwa ubao na chaki.

Cheni ndiyo imtesayo mwendeshaji wa Pemba kuliko kitu kingine, kwa hiyo twaomba ruhusa ya kukaa nayo kidogo. Wakati wa masika udongo wetu mwekundu huwa tope, nalo huirukia cheni na kuosha mafuta yake. Wakati wa jua tope lile huwa vumbi, likasaga pingili kama tupa. Na yule aendaye kila siku bandarini Wesha, au aliyezoea kuipitisha pikipiki pwani kuchukua samaki, huongezewa chumvi, ambayo huila chuma kwa siri. Cheni iliyokauka hulia kwa sauti nyembamba ya kulalamika, na huzidi chombo kikichukua watu wawili. Cheni iliyolegea hailalamiki, hupiga. Mtu akifunga mafuta ghafula katika mteremko husikia ta-ta-ta, cheni ikilichapa kasha lake. Cheni iliyokazwa mno nayo ina sauti yake, mvumo mzito usiokatika, nao ni mbaya kwa kuwa huziumiza beringi za gurudumu na za sproketi ya mbele.

Kuipima si kazi. Chombo kikiwa katika stendi ya kati, injini imezimwa na gia huru, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, uinyanyue na kuishusha. Katika pikipiki nyingi za kazi yapasa icheze sentimeta 2 hata 3, kutoka juu hata chini. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha chombo, na mara nyingine kimebandikwa karibu na cheni. Kisha zungusha gurudumu kidogo, pima tena, na tena. Twasisitiza jambo hili kwa sababu cheni hailiki sawasawa pande zote: mahali pamoja huwa imelegea na mahali pengine imekaza, na mtu aipimaye mara moja hudanganyika. Tazama na meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kupinda upande mmoja kama pezi la papa, yamekwisha. Na kuweka cheni mpya juu ya meno ya namna hiyo ni kuitupa cheni, maana itaharibika upesi. Ama kuhusu kutia mafuta, mtu asafishe kwanza, ndipo atie, akizungusha gurudumu kwa mkono. Asithubutu kamwe kuwasha injini na kutia gia ili cheni izunguke yenyewe naye ameishika kwa kitambaa. Cheni na sproketi hukata kidole kwa kufumba na kufumbua.

Mlio wa beringi ya gurudumu ni wa namna nyingine. Hautoi pigo la kuhesabika, bali huvuma, na mvumo ule huzidi kwa mwendo. Mwanzo kama nyuki aliye mbali, mwisho kama jiwe la kusagia. Inua gurudumu litoke chini, lishike kwa mikono miwili pande mbili zinazokabiliana, ulisukume na kulivuta. Likicheza hata kidogo, beringi imechakaa. Njiti za gurudumu nazo zina lugha yake: zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kama kengele ndogo, na iliyolegea hujibu kwa sauti ya kufa. Beringi iliyochakaa na njiti zilizolegea si mambo ya kusema tutayaona baada ya msimu wa karafuu. Gurudumu likikwama au kuvunjika chombo kikiwa mwendoni, aumiaye si mwenye pikipiki peke yake bali na yule mama aliyempakia kutoka sokoni. Mlio huu ukisikika, abiria ateremshwe.

Breki zikikwaruza chuma kwa chuma kila ukizikamata, viatu vyake au pedi zake zimelika mpaka mwisho. Hapo hapana uchunguzi mwingine. Lakini breki ikilia kwa wembamba asubuhi moja tu baada ya mvua ya usiku, kisha ikanyamaza baada ya kukamatwa mara tatu au nne, ni kutu ndogo na maji, wala si ugonjwa.

Milio ya barabara tutaipita upesi. Chombo kikigonga penye shimo tu, tazama vilivyofungwa kwa nati: madigadi, kibati cha namba, kiti cha mizigo, bomba la moshi, stendi iliyopoteza springi. Kishike kila kimoja ukitikise kwa mkono. Kitakachocheza ndicho kilichokuwa kikisema. Shokapu zilizovuja mafuta hugonga kwa kishindo penye mashimo. Hata hivyo kuna kishindo kimoja katika jamii hii kisichofaa kudharauliwa: kile kisikikacho mbele, chini ya usukani, ukikamata breki ya mbele. Huenda beringi za shingo ya usukani zimelegea, nayo shingo ndiyo iongozayo chombo katika kona za mteremko.

Tumebakisha injini, nayo ndiyo iwatishayo watu. Injini za pikipiki nyingi za kazi zina silinda moja, nazo hwenda kwa mapigo manne: kuvuta hewa na petroli, kuikaza, kuilipua, na kutoa moshi. Mtambo wa namna hiyo aliufanikisha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, na mwaka 1885 wenziwe wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, wakatia mtambo wa petroli katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na vigurudumu vidogo ubavuni vya kukizuia kisianguke. Katika mapigo hayo manne mhimili wa injini, uitwao krenki, huzunguka mara 2, lakini kila vali hufunguka mara 1 tu. Jambo hili lafaa kukumbukwa. Injini ingurumayo taratibu hufanya mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, nayo ni zaidi ya 23 kwa sekunde. Kwa hiyo vali hugonga nusu ya hapo, yapata mara 12 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu 12, lakini laweza kutambua kwamba mlio huu ni wa pole kuliko mtetemo wa injini yenyewe. Kigongacho juu, kwa haraka ya cherehani, chepesi na kavu, kwa kawaida ni tapeti, yaani nafasi kati ya vali na kinachoisukuma imezidi.

Tapeti zigongazo kidogo haziui injini kwa siku moja. Zapasa kupimwa na fundi injini ikiwa baridi kabisa. Na hapa pana jambo ambalo wengi hulifahamu kinyume. Mtu humwambia fundi, "Zikaze mpaka zinyamaze kabisa." Fundi akitii, vali hukosa nafasi ya kutanuka zinapopata moto, zisifunge vema, nazo huungua. Tapeti zilizobana hazina sauti. Basi afadhali injini inayosikika ikinong'ona huko juu kuliko ile iliyonyamazishwa kwa lazima.

Tena tapeti husingiziwa. Pale bomba la moshi linapoungana na kichwa cha injini mna gasketi ndogo, na gasketi ile ikiharibika moshi hutoka kwa pigo kila injini inapolipua, ukasikika kama tapeti hasa. Tofauti ni kwamba mlio huu aghalabu huwa mkubwa injini ikiwa baridi au ikivuta mzigo, na mahali penye kuvuja pana masizi meusi. Nati mbili na gasketi moja humaliza neno, na kichwa cha injini hakifunguliwi.

Ili kujua mlio watoka juu au chini, kushoto au kulia, mafundi huchukua bisibisi ndefu, ncha yake wakaiweka juu ya chuma cha injini, na mpini wake wakauweka karibu na sikio. Chuma huchukua sauti kuliko hewa. Huu si uganga. Mwaka 1816, huko Paris, daktari mmoja Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaisikiliza kwayo sauti ya moyo wa mgonjwa, na kutokana na karatasi ile pakatokea chombo cha kusikilizia ambacho kila daktari sasa hukivaa shingoni. Bisibisi ya fundi na chombo cha daktari ni ndugu. Ajaribuye mwenyewe aziepushe nguo na mikono na cheni, na aliepuke bomba la moshi, maana huunguza.

Injini ikigonga kidogo asubuhi ikiwa baridi, kisha mgongo ule ukapungua kadiri inavyopata moto, yaelekea pistoni ina nafasi katika silinda yake. Imezeeka, lakini yaweza kutembea ikitunzwa. Injini ikitoa sauti ya changarawe ndani ya mkebe inapopanda mlima kwa gia kubwa na mafuta yamefunguliwa mno, yalalamika kwamba yalazimishwa: petroli yalipuka vibaya ndani. Punguza gia kabla ya mlima, si katikati yake. Ikiendelea hata hivyo, shaka ni petroli mbaya, au joto lililozidi, au masizi yaliyojaa ndani. Na chombo kikiwa kimesimama, mlio ukibadilika kila ukivuta na kuachia klachi, pachunguzwe klachi kabla ya penginepo.

Uko mlio mmoja ambao twaomba kila mwendeshaji aujue kama ajuavyo jina lake. Hutoka chini, katika tumbo la injini, mzito, ngo-ngo-ngo, kama nyundo juu ya gogo. Hauponi injini ikipata moto; bali huzidi, kwa sababu oili ikipata moto huwa nyepesi. Huo ni mlio wa mkono uunganishao pistoni na krenki, na mafundi husema injini imenoki. Mtu akiusikia asiseme atafika kwanza. Azime pale pale, hata kama ni usiku na yuko kati ya Chake Chake na Wete, akisukume chombo au akipakie garini. Mkono ule ukikatika hutoboa kasha la injini, na oili humwagika katika gurudumu la nyuma. Mahali pa kubadilisha vitu viwili au vitatu, patahitajika injini nzima.

Na sababu kubwa ya kunoki ni oili. Injini hizi ndogo huchukua oili ya lita 1 au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo ilainishayo krenki, pistoni, vali, gia, na katika nyingi hata klachi. Anayebeba abiria mchana kutwa huimaliza nguvu upesi kuliko aendaye shuleni na kurudi. Basi mlio wowote wa injini ukisikika, tendo la kwanza, kabla ya bisibisi na kabla ya fundi, ni kuzima, kungoja dakika chache, na kutazama kiasi cha oili chombo kikiwa kimesimama wima. Wanaokitazama kikiwa kimeegemea stendi ya ubavuni hupata jibu la uongo. Oili ikiwa imepungua, iongezwe kabla ya kuwasha tena. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe.

Yabaki mazungumzo na fundi. Mgonjwa aendaye hospitali hamwambii daktari, "Nipasue ini." Humwambia mahali paumapo na tangu lini. Lakini mwenye pikipiki aghalabu huwa na jina la ugonjwa tayari, alilopewa na rafiki kijiweni, na fundi kijana huona haya kumpinga mteja. Mwenye chombo na aseme aliyoyaona tu. Kwa mfano: "Fundi, yagonga kwa chini upande wa kulia. Ilianza juzi baada ya mvua. Ikiwa baridi hainyamazi, ikipata moto yazidi. Nikivuta klachi yaendelea. Oili nimeitazama, ilikuwa imepungua." Maneno hayo machache yamemwonyesha fundi mahali pa kuanzia, naye akiwa mtu wa kazi yake atawasha injini kwa nukta chache tu, asikilize, azime, kisha aeleze bei kabla ya kufungua.

Na kila kitu kitolewacho katika chombo, mwenyewe akiombe akione: pingili iliyokakamaa, gasketi iliyoungua, beringi inayocheza. Kitu kilichokuwa kikilia huonekana kwa macho kimechakaa. Ikiwa kilichotolewa ni kizima kama kipya, mlio haujapatikana bado, na haifai kulipia kingine mpaka sababu imeelezwa. Chombo kikiisha kutengenezwa, kirudishwe kwenye mlima ule ule, kwa gia ile ile na mzigo ule ule, na fundi mwenyewe akiwa amepakiwa nyuma.